Safari ya kwanza peke yako: mwongozo wa mwanamke kutoka Dar hadi Tanga hadi Mombasa

Mara ya kwanza nilipolala ugenini bila kufuatana na mtu, nilifika Kange, stendi ya mabasi ya Tanga, saa nne kasoro usiku. Nilitegemea kufika alasiri. Basi lilituharibikia kabla ya Mkata, tukakaa kando ya barabara tukimtazama utingo akiingia na kutoka chini ya gari na spana ileile. Niliposhuka, simu ilikuwa na chaji asilimia nne, jina la gesti nilikuwa nimeliandika kwenye kikaratasi kilicholowa jasho, na bodaboda watano walikuwa wanagombea begi langu kabla sijakanyaga chini vizuri. Hakuna baya lililonipata. Mama tuliyekaa naye siti moja aliwaambia, "Huyu mwanangu, mwacheni," akanishika mkono hadi kwenye bajaji ya kijana anayemfahamu. Nilipojitupa kitandani ndipo nikaliona kosa langu: saa ya kuondoka nilikuwa nimeipanga vizuri, saa ya kufika sikuwa nimeifikiria kabisa.

Nimechagua njia ya Dar, Tanga na Mombasa kwa sababu nimeipita mara nyingi, Kiswahili kinakutosha mwanzo hadi mwisho, mpaka wa kuvuka ni mmoja, na ukizidiwa ukiwa Tanga unageuza, unarudi nyumbani siku hiyohiyo bila aibu. Kama wewe unakwenda Mwanza au Songea, badilisha majina ya stendi, mengine ni yaleyale.

Hatua ya 1: Panga kuanzia saa ya kufika

Siku ya kwanza uwe chumbani, umeoga, mlango umefungwa, kabla ya saa kumi na moja jioni. Anza hapo, kisha hesabu kurudi nyuma. Dar hadi Tanga ni kama kilomita 350. Mabasi hayaruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa, na njiani kuna foleni ya Kibaha, mizani, vituo vya polisi na kusimama kula. Hesabu saa sita au saba, kisha ongeza mbili za spana. Hapo unaona mwenyewe kwamba basi lako ni la saa kumi na mbili au saa moja asubuhi, siyo la saa nne.

Mabasi hayo yanaondoka Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Ukiwa unakaa Mbagala au Kigamboni, kuwahi Mbezi saa kumi na moja alfajiri maana yake unatembea gizani saa tisa na nusu, na huo utakuwa muda wa hatari kuliko safari yenyewe. Kalale kwa ndugu Kimara au Mbezi usiku wa kuamkia safari. Watu wengi hulinda usalama wao Tanga wakasahau kuulinda mtaani kwao.

Mabasi ya usiku yaliruhusiwa tena Tanzania tangu Oktoba 2023. Kwa safari ya kwanza yaache. Hata dereva akiwa makini kiasi gani, atakushusha saa tisa usiku katika mji usioujua, na kila mlango utakaougonga umefungwa.

Halafu kuna mtego wa saa zetu. Tiketi ya kuandikwa kwa mkono ikisema 12:00, huenda ni saa kumi na mbili asubuhi. Tiketi ya mtandaoni ikisema 07:00, hiyo ni saa moja asubuhi. Rafiki yangu mmoja alikwenda bandarini Dar saa saba mchana kwa ajili ya boti ya Unguja ya 07:00. Boti yenyewe hutumia kama saa mbili tu, kwa hiyo wenzake walikuwa wameshafika, wamekula na urojo. Usione haya kumuuliza mkata tiketi kwa mdomo: "Saa kumi na mbili alfajiri, siyo saa sita mchana?"

Hatua ya 2: Watu wawili, na neno la siri

Mama yangu nilipomuaga aliuliza, "Unakwenda kwa nani?" Nikamwambia siendi kwa mtu, nakwenda Tanga kutembea. Akanyamaza kidogo, akauliza tena, "Sawa, lakini unakwenda kwa nani?" Kwetu safari ina mwenyeji. Sikubishana naye. Nilimtafutia mwenyeji: dada wa kazini kwetu alikuwa na shangazi yake Chumbageni, nikapewa namba, nikampigia siku mbili kabla nikamsalimia. Sikulala kwake, ila alijua nakuja.

Kwa hiyo uwe na watu wawili. Mmoja nyumbani anayepokea simu hata usiku, mwingine kule unakokwenda, kwa sababu fimbo ya mbali haiui nyoka. Wa nyumbani mtumie picha ya tiketi, namba ya usajili ya basi (ipige picha kabla hujapanda), jina na simu ya gesti, na saa ambazo utampa taarifa. Kubalianeni pia afanye nini usipotokea: baada ya saa ngapi ampigie nani kwanza. Mtu asiyejua hatua ya kuchukua atabaki kuandika "upo?" mara ishirini.

Neno la siri linasaidia kuliko unavyodhani. Mimi na mdogo wangu tukisema "msalimie bibi wa Kilosa" maana yake nipigie sasa hivi, jifanye kuna msiba, niondoke hapa. Hatuna bibi Kilosa.

WhatsApp inaruhusu kumwonyesha mtu mahali ulipo moja kwa moja kwa saa nane, ikiisha unawasha tena. Picha za ufukweni weka kwenye status ukishaondoka ufukweni.

Hatua ya 3: Karatasi

Ndani ya Tanzania beba kitambulisho cha NIDA au kingine kinachokubalika. Kwenda Kenya unahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji. Pasipoti ya kielektroniki ilianza 2018 kwa ada ya shilingi 150,000. Anza mchakato mapema, usisubiri wiki ya safari. Chanjo ya homa ya manjano huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu 2016 kadi yake ni ya maisha, kwa hiyo usikubali kuambiwa kadi yako ya zamani imeisha muda. Mpakani wengine huulizwa, wengine huachwa. Wewe iwe nayo.

Toa kopi mbili za kila kitu. Moja iwe chini ya begi kubwa, nyingine abaki nayo mtu wa nyumbani. Piga picha pia, ujitumie kwenye barua pepe yako.

Hatua ya 4: Begi, na kanga

Begi moja unaloweza kulipandisha kwenye keria mwenyewe, na mkoba mdogo usiotoka mwilini. Ukihitaji mtu wa kukubebea, umeshampa mtu begi.

Ndani weka kanga. Doti nzima, vipande vyote viwili. Kanga ni shuka pale shuka la gesti linapokutia mashaka, ni pazia dirisha likiwa tupu, ni mto ndani ya basi, ni taulo, ni ushungi ukiingia mtaa wenye heshima zake. Na basi linaposimama porini watu wakachimbe dawa, kanga ni choo: unajifunga kiunoni au mwenzako anakushikia. Hilo la mwisho ndilo lililonifundisha kuzungumza na wanawake wa kwenye basi mapema kabla haja haijanibana.

Nguo: dera mbili, suruali moja ya kitambaa, sweta kwa ajili ya kiyoyozi cha basi, na kandambili. Chini ya dera vaa taiti. Mpelekee fundi taiti yako akushonee mfuko wenye zipu ubavuni, upande usiolalia. Mfuko huo unaingia pasipoti na noti, na hakuna mkono utakaoufikia bila wewe kujua. Pedi beba hata kama si wakati wako. Safari hubadilisha siku. Dawa unazotumia ziwe kwenye mkoba mdogo, siyo kwenye begi linalokwenda buti.

Kitu kingine ni kabari. Nenda kwa seremala yeyote, mwambie akukatie kipande cha mbao chenye ukubwa wa kiganja, chembamba upande mmoja. Kazi yake nitaieleza tukifika gesti.

Mifuko ya plastiki iache. Kenya iliipiga marufuku 2017, Tanzania 2019.

Hatua ya 5: Fedha

Bibi zetu walikuwa na kibindo, na mpaka leo sijaona njia bora. Fedha ya kutoa mbele za watu, yaani nauli za bajaji, maji, choo, iwe kwenye mfuko wa wazi na iwe noti ndogo. Fedha kubwa iwe kwenye taiti, na hutoi hapo isipokuwa chooni au chumbani. Kisha kuna fedha ambayo si ya safari: nauli ya kurudi pamoja na usiku miwili ya gesti. Hiyo iache kwenye simu, na usiiguse hata ukiona dera zuri kiasi gani Mombasa. Ukiwa nayo huombi msaada wa mtu usiyemtaka, na huwezi kulazimika kulala mahali ulipopachukia kwa sababu umeshalipia.

Nauli za mabasi ya mikoani zina kikomo kinachowekwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, kulingana na umbali na daraja la basi, nacho hutangazwa. Kiangalie kabla. Kuhusu bajaji na bodaboda, bei usimuulize dereva kwanza. Muulize mama anayeuza vitumbua pale stendi: "Samahani mama, bajaji hadi Raskazone huwa wanachukua ngapi?" Ukimwendea dereva, unamtajia wewe.

Hatua ya 6: Stendi na ndani ya basi

Wapiga debe wanakusoma machoni. Ukisimama katikati ya stendi ukitazama mabango juu, tayari una wasimamizi watatu. Jua jina la basi na geti kabla ya kufika. Tiketi iwe imekatwa mtandaoni au ofisini siku moja kabla, yenye jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho. Anayetaka "kukusaidia begi" atakusaidia mpaka kwenye basi lake.

Siti: chagua mbele, safu ya pili au ya tatu, karibu na konda. Mwambie mkata tiketi waziwazi, "Naomba siti jirani na mwanamke." Nimeomba mara nyingi, na sikumbuki kunyimwa zaidi ya mara moja. Kwa basi la asubuhi kwenda Tanga kaa kushoto, maana kutoka Chalinze kwenda juu jua linakuwa kulia.

Begi likiingia buti, dai lebo yake, na kila basi linaposimama kushusha mtu chungulia dirishani. Ukishuka kwenda chooni mwambie jirani, "Mama, nakwenda msalani, basi lisiniache." Umempa kazi, na ataifanya. Machungwa ya Muheza utayanunua dirishani, hayo hayana neno, yana maganda yake.

Kinywaji kilichofunguliwa, biskuti, pipi au karanga za mtu usiyemjua usile. Watu wamewekewa dawa kwenye mabasi wakaamka hawana hata viatu. Ila kukataa chakula kwetu ni kama kumtukana mtu, kwa hiyo tafuta udhuru wa heshima. Mimi niliwahi kusema "asante, nimefunga" kwa sababu ilikuwa Alhamisi na nikaona nimepata jibu la werevu. Tulipofika Mkata mahindi ya kuchoma yakapita dirishani. Nilikaa na njaa hadi Muheza, yule baba niliyemkatalia akiniangalia kwa huruma na kunisifu kwa jirani yake. Siku hizi nasema nina vidonda vya tumbo na daktari amenipangia vyakula. Udhuru huo unaruhusu kula mahindi yako mwenyewe.

Hatua ya 7: Maswali, na nguvu ya shikamoo

Utaulizwa. Unatoka wapi, unakwenda wapi, kwa nani, umeolewa, una watoto wangapi. Wengi hawana nia mbaya, ndivyo tunavyosalimiana. Jibu kwa upole, bila kutaja jina la gesti wala siku ya kurudi. "Nakwenda kwa shangazi, ananisubiri stendi" inatosha. Kuna wanaoshauri kuvaa pete ya uongo. Mimi sikuipenda: wanaume wenye nia hawaogopi pete, na wanawake wakiiona wanakuuliza mume anafanya kazi gani, mtoto wa kwanza anasoma wapi, na kufika Segera umeshabuni ukoo mzima na majina unayasahau.

Ninachokitumia ni salamu. Mwanaume wa makamo akikuanza na "mrembo, mbona peke yako?", mgeukie, inamisha kichwa kidogo, sema kwa sauti ya kusikika: "Shikamoo, baba." Hawezi kuacha kuitikia. Akishasema marahaba mbele ya abiria, ameshakuwa baba yako, na kumtongoza aliyekupa shikamoo ni fedheha ambayo wachache wanaiweza. Wa rika lako mwite kaka, tena kila sentensi: "Hapana kaka, asante kaka." Kijana wa bodaboda anayekufuata mwite mdogo wangu, muulize hajambo mama yake.

Wapo wasiojali hata hayo. Huyo usimnong'oneze. Sema kwa sauti safi, bila matusi: "Kaka, naomba uondoe mkono wako, unanibana." Basi zima litageuka. Kisha muite konda ubadilishiwe siti. Aibu si yako, hata kama moyo unadunda. Wangu ulidunda hadi magoti yakacheza.

Hatua ya 8: Gesti

Usilipe kabla hujaona chumba. Mwambie wa mapokezi, "Naomba nikione kwanza," na ukiingia usianze na kitanda. Anza na mlango. Kitasa kinafunga? Kuna komeo la ndani, na skrubu zake zimeshika mbao au zinacheza? Vuta. Nenda dirishani: lina nondo, linafungika, na nje yake kuna nini? Tazama kama kuna mlango wa pembeni unaoingia chumba cha pili. Zima taa, uone kama mwanga wa korido unaingia kwenye tundu lolote. Chumba cha ghorofa ya kwanza kuelekea mapokezi ni bora kuliko cha mwisho wa korido chenye upepo mzuri. Usiku, ukifunga, sukuma ile kabari chini ya mlango kwa kisigino. Inafanya kazi kwa mlango unaofungukia ndani, na mingi iko hivyo. Mtu akisukuma, mbao inajikaza zaidi.

Ukiona ukutani bei mbili, ya kulala na ya kupumzika, ujue pana wageni wa saa moja moja, milango itagongwa usiku kucha. Tafuta kwingine. Hosteli za makanisa na taasisi za dini ni tulivu, geti hufungwa mapema, na bei zake mara nyingi ni za kawaida.

Kisha kitabu cha wageni. Unakijua: daftari kubwa lililolala wazi juu ya kaunta, kalamu imefungwa kwa uzi. Jina, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda, namba ya chumba. Anayekuja baada yako anasoma mstari wako wote huku akijaza wake. Mimi huandika herufi ya kwanza ya jina langu na jina la babu, yanayolingana na kitambulisho lakini hayasemi kama ni mwanamke. Kwenye namba ya chumba humwomba wa mapokezi aijaze mwenyewe baadaye, na asiitamke kwa sauti akinipa ufunguo. Hakuna aliyewahi kugoma.

Mlango ukigongwa usiku, uliza "Nani?" bila kuinuka. Wakisema ni wahudumu, piga simu mapokezi uhakikishe. Hukuagiza kitu, hufungui.

Sasa neno moja kuhusu usiku wa kwanza, maana hakuna aliyenionya. Kama saa mbili usiku, umeshakula, feni inazunguka, sauti za mtaa ni za watu wanaojuana, utashikwa na upweke mzito hadi ukasirike: nilikuja huku kutafuta nini? Mimi nilifungua simu kuangalia basi la kurudi alfajiri. Nikalia kidogo, nikalala na dera. Asubuhi nilitoka kutafuta chai, mama wa mgahawa akanipa mbaazi za nazi na mahamri, akaniuliza nimelala vipi, jua lilikuwa linapiga upande wa bahari, na ile habari ya basi sikuikumbuka hadi mchana. Kwa hiyo uamuzi wa kurudi usiufanye usiku. Kunywa chai kwanza.

Tanga ni mji mzuri wa kujifunzia. Barabara za Ngamiani zina namba, kwa hiyo hupotei. Raskazone unaenda kuoga baharini mchana watu wakiwepo. Mapango ya Amboni yako kama kilomita 8 nje ya mji, nenda asubuhi na bajaji ambayo dereva wake umepewa na gesti, akusubiri. Kaa usiku miwili.

Hatua ya 9: Kuvuka Horohoro

Kutoka Tanga hadi Horohoro ni mwendo wa saa moja na kidogo. Upande wa pili ni Lunga Lunga. Shuka na mkoba wako mdogo wote, usiache simu wala chaja kwenye siti. Unagongewa muhuri wa kutoka Tanzania na wa kuingia Kenya ndani ya kituo cha pamoja, dirisha moja baada ya jingine. Kabla hujaondoka dirishani fungua pasipoti, soma tarehe na siku ulizopewa. Fuatana na wanawake wa basi lako. Basi likisogea upande wa pili mnalifuata pamoja.

Wabadilisha fedha watakujia na mabunda. Badilisha kidogo tu, ya tuktuk na chakula. Angalia kiwango cha siku kwenye simu usiku wa kuamkia safari. Pokea zao kwanza, zihesabu wewe mwenyewe, mpaka mwisho, ndipo utoe zako. Wakizichukua tena "kuzihakiki", anza kuhesabu upya.

Jihadhari na neno "mia". Dereva wa tuktuk Mombasa akisema mia mbili, masikio ya Kitanzania husikia bure. Shilingi mia ya Kenya ni karibu elfu mbili ya kwetu. Siku yangu ya kwanza nililipa kila kitu nikitabasamu, jioni nikahesabu nikanuna.

Laini ya Kenya utasajili kwa pasipoti. Ni vyema kuwa nayo, kwa sababu mtu wa nyumbani anaweza kukutumia fedha kutoka M-Pesa ya Tanzania kwenda M-Pesa ya Kenya.

Hatua ya 10: Mombasa

Mabasi mengi ya kutoka kwetu huishia maeneo ya Mwembe Tayari, penye pilika nyingi. Usisimame hapo kufikiri. Ingia duka la karibu, nunua maji, ita teksi ya kwenye programu ukiwa ndani, linganisha namba ya gari, na dereva akija muulize wewe, "Umekuja kumchukua nani?" Akilitaja jina lako, panda nyuma.

Bajaji huku ni tuktuk, kanga ni leso, konda ni makanga. Ukipita kivuko cha Likoni kwa miguu hulipi, lakini asubuhi na jioni ni umati wa watu: mkoba mbele, mikono juu yake. Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa 1593, nenda ikifunguliwa asubuhi. Langoni utakutana na watu wa kukutembeza, ukimtaka mmoja patana bei kwa tarakimu na kwa muda kabla ya kuondoka. Mji wa Kale tembea mchana, umejistiri, na ukipotea ingia dukani umuulize mwenye duka, siyo kijana aliyeegemea ukuta. Jioni nenda Mama Ngina, ufukweni, mahali familia zinapokaa kula viazi karai na kachri za muhogo. Kaa benchi la karibu na familia yenye watoto. Giza likishika, ondoka nao.

Yakiharibika

Hifadhi namba hizi kabla ya safari. Tanzania polisi ni 112. Kenya ni 999 au 112, na 1195 ni simu ya bure kwa masuala ya ukatili wa kijinsia. Vituo vingi vya polisi Tanzania vina Dawati la Jinsia na Watoto. Ukifika omba hilo moja kwa moja, usisimulie kaunta mbele ya kila mtu. Pasipoti ikipotea Mombasa, Tanzania ina ubalozi mdogo mjini humohumo. Beba ripoti ya polisi na ile kopi yako.

Likitokea la kubakwa, nenda hospitali haraka. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofaa; dawa ya kuzuia mimba nayo haingoji. Usioge, usifue nguo. Nguo uliyovaa iweke kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, siyo plastiki. Fomu ya polisi Tanzania ni PF3, Kenya ni P3. Baadhi ya hospitali kubwa Tanzania zina kituo cha mkono kwa mkono, ambapo daktari, polisi na mshauri unawapata mahali pamoja. Mpigie mtu wako wa pili, yule wa karibu, aje akae nawe.

Kurudi

Usiku wa mwisho lipa gesti kabisa, chaji simu, tenga nauli. Basi la asubuhi, kama kawaida. Ukifika, mpigie simu shangazi wa Chumbageni, maana naye alikuwa anahesabu siku.

Niliporudi nilimwaga begi kitandani nikatenga nguo ambazo sikuzigusa: gauni la kutokea, viatu vya kisigino, jinzi mbili, sweta la pili. Kanga ilikuwa na tope la Mkata, harufu ya moshi wa Mama Ngina, na doa la chungwa. Mama akaichukua akailoweka. Akauliza tena, "Kwa hiyo ulikwenda kwa nani?" Nikaanza kumtajia: yule mama wa kwenye basi, mama wa mgahawa, shangazi wa Chumbageni. Alikuwa anasugua doa, akasema niwapigie simu niwashukuru. Namba ya yule wa kwenye basi sikuwa nimeichukua. Sasa hivi, kabla ya kushuka, huwa naichukua.